Rusizi: wengi hupita, wachache hupumzika

Mwananchi wa Afrika Mashariki akipata siku tano za likizo na akiba kidogo mfukoni, majina yanayomjia kichwani ni yale yale: Zanzibar, Mombasa, Diani, Entebbe, Arusha. Akiamua kwenda Rwanda, atataja gorila wa Musanze, au usiku mmoja Rubavu kando ya Ziwa Kivu. Wilaya ya Rusizi, iliyo kona ya kusini magharibi mwa nchi hiyo, ni nadra kutajwa. Jina lake la zamani, Cyangugu, ambalo wengi bado wanalitumia, linajulikana zaidi kwa madereva wa malori na akina mama wachuuzi wanaovuka daraja kwenda Bukavu.

Kwa hao wote Rusizi ni mahali pa kugonga muhuri na kuendelea na safari. Kumbe panafaa pia kukaa. Pana ziwa lisilo na mamba wala kiboko, msitu mkubwa wa milimani ulio karibu, visiwa, chemchemi za maji moto, na mji ambao mgeni anaweza kuulizia njia kwa Kiswahili akajibiwa kwa Kiswahili. Zaidi ya yote pana utulivu, ule ambao watu hulipa fedha nyingi kuutafuta kwingine.

Hata hivyo utulivu huo una historia yake, na sehemu ya historia hiyo ni chungu. Anayekwenda kupumzika Rusizi akiielewa, atapumzika vizuri zaidi, na safari yake itawafaa wenyeji pia.

Njia ya kufika

Kutoka Kigali zipo njia tatu. Ya kwanza ni ndege hadi uwanja wa Kamembe, safari isiyofikia saa moja. Ya pili ni barabara ya Ziwa Kivu inayotoka Rubavu, ikapita Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Barabara hiyo ya lami huzunguka vilima na ghuba, na kila kona huleta sura mpya ya ziwa. Zamani ilikuwa ya vumbi na matope, na safari yake ilikuwa ya kuchosha kweli kweli. Siku hizi ni miongoni mwa barabara zinazosifiwa sana Rwanda kwa mandhari.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa na mabasi mengi. Hupita Huye na Nyamagabe, ikaingia Msitu wa Nyungwe na kutokea upande wa pili kwenye mashamba ya chai. Huchukua saa tano hadi sita, kutegemea hali ya hewa na malori yaliyo mbele. Msafiri anayeweza kuchagua akae dirishani. Ndani ya msitu kima huketi kando ya lami wakitazama magari, na ukungu hushuka ghafla hata mchana.

Njia hiyo ina jambo moja ambalo wengi hulipita bila kujua. Ndani ya Nyungwe kuna mgongo wa milima unaogawa maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki huteremka mito mpaka Mto Nile, na hatimaye Bahari ya Mediterania. Likianguka upande wa magharibi huelekea Mto Rusizi, Ziwa Tanganyika, Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2006 kundi la wapelelezi kutoka Uingereza na New Zealand lilipanda Mto Nile kutoka baharini, na kutangaza kwamba chanzo chake cha mbali kabisa kimo ndani ya msitu huo. Ubishi juu ya chanzo hicho haujaisha, lakini abiria wa basi la Kamembe huuvuka mstari huo wa maji kwa nauli ya kawaida.

Mji wa ngazi mbili

Rusizi ni mojawapo ya wilaya saba za Mkoa wa Magharibi, na mji wake umo katika orodha ya miji sita ambayo serikali ya Rwanda iliichagua ikue ili kupunguza mzigo wa Kigali. Hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa mkoa wa Cyangugu. Kabla ya hapo, katika enzi za wafalme, liliitwa Kinyaga, na jina hilo halijafa.

Mji wenyewe una ngazi mbili. Juu ya kilima ni Kamembe, penye soko, stendi, benki, misikiti, makanisa na pikipiki za abiria. Chini kando ya maji ni Cyangugu yenyewe, yenye majengo ya zamani ya biashara, nyumba za wageni, na daraja la kwanza linalovuka Mto Rusizi kuingia Kongo. Ng'ambo, juu ya rasi zake, unaonekana mji wa Bukavu, mkubwa kuliko Kamembe mara nyingi. Usiku taa zake hung'aa juu ya maji, na mtu aliyeketi Cyangugu huona miji miwili: mmoja wa nyumba na mwingine wa mwanga uliopinduliwa ziwani.

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,700, na kina chake kinazidi mita 470. Kwa sababu ya mwinuko huo joto si kali na jioni huhitaji sweta. Wanasayansi hulichunguza kwa sababu nyingine: vilindini mwake kumeyeyuka kiasi kikubwa cha gesi, takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Huko Karongi methani hiyo imekuwa ikivunwa kuzalisha umeme tangu mwaka 2016. Kwa anayeogelea karibu na ufuko, gesi hiyo iko mbali sana chini yake.

Shughuli kubwa ya mgeni hapa ni kutofanya shughuli. Huketi kwenye kibaraza, hutazama mitumbwi, hunywa chai ya maziwa au kahawa iliyokuzwa kwenye vilima vya Kivu, na kuhesabu visiwa. Akichoka kukaa, apande boti ya abiria hadi kisiwa cha Nkombo. Watu wa Nkombo huzungumza Kihavu, lugha wanayoshirikiana na jamaa zao wa kisiwa kikubwa cha Ijwi, upande wa Kongo. Mwaka 1910 wakoloni wa Kijerumani, Kibelgiji na Kiingereza walikubaliana mipaka huko Brussels. Ijwi ikawekwa chini ya Wabelgiji, na ndugu wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama nyumba zao.

Kabla ya mipaka hiyo ziwa lilikuwa soko. Katika karne ya 19 bangili za nyasi zilizosukwa, ziitwazo butega, zilitumika kama fedha katika biashara ya watu wa kando ya Kivu. Ng'ombe, chumvi, majembe na vyakula vilisafiri kwa mitumbwi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Anayemwona leo mama wa Kamembe akivuka mpaka na beseni la mboga kichwani anaona mwendelezo wa biashara ya zamani kuliko daraja lenyewe.

Karabai juu ya maji

Wageni wengi wa Rusizi hukumbuka zaidi usiku. Jua likizama, wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Huwasha karabai, taa zikawavuta samaki wadogo kuja juu, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Wakipiga makasia huimba kwa kupokezana, na sauti hufika ufukoni hata mitumbwi ikiwa imeshazama gizani. Asiyejua hudhani ni kwaya iliyoandaliwa kwa ajili ya watalii. Ni watu walio kazini, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa makasia.

Samaki wanaotafutwa ni sambaza. Mtanzania wa Kigoma akiwaona sahanini atawatambua, kwa sababu ni wa ukoo wa dagaa wake. Hawakuwa wa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo ndio nguzo ya uvuvi wa ziwa zima. Hukaangwa hadi wakakauka vizuri, wakaliwa kwa ndimu na pilipili, pamoja na ugali wa muhogo au ndizi za kukaanga.

Kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi ya kiangazi, ambayo pia ni miezi ya likizo kwa wengi. Mgeni anayefika wakati huo hukuta ziwa kimya kabisa usiku, bila taa wala nyimbo, naye huenda akaufurahia ukimya huo. Kwa mvuvi, ukimya huo una maana ya mfuko mtupu na kusubiri. Ndiyo maana pato jingine, kama la kumpeleka mgeni kisiwani kwa mtumbwi au kumuuzia ndizi na parachichi, lina uzito katika miezi hiyo kuliko mgeni anavyodhani.

Msitu ulio jirani

Kutoka Kamembe hadi mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe ni mwendo mfupi kwa gari. Ni msitu wa milimani wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Una aina 13 za wanyama wa jamii ya nyani na sokwe, na zaidi ya aina 300 za ndege. Mbega wa hapa hutembea katika makundi makubwa mno, mengine yakiwa na mamia ya wanyama. Septemba 2023 Nyungwe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kivutio kinachojulikana zaidi ni daraja la kuning'inia la Uwinka, lililofunguliwa mwaka 2010. Limefungwa juu ya bonde, na anayelivuka huona vilele vya miti chini ya miguu yake. Kwa anayetaka kitu kidogo na tulivu zaidi, kuna Cyamudongo, kipande cha msitu kilichotengana na Nyungwe kuu, ndani ya Wilaya ya Rusizi. Humo wanaishi sokwe. Kuwafuata hutaka kuamka kabla ya alfajiri na kupanda kwa miguu kwenye matope, na siku nyingine husikika sauti tu.

Katika msitu huo kuna pia kinamasi kiitwacho Kamiranzovu, maana yake kinachomeza tembo. Tembo walikuwepo kweli. Wa mwisho aliyejulikana katika Nyungwe alikufa mwaka 1999, na tangu hapo jina limebaki peke yake. Hilo ni onyo ambalo hakuna kibao cha hifadhi kinachoweza kulitoa vizuri zaidi: mahali panaweza kupendeza sana na bado pakawa pamepoteza kitu kisichorudi.

Gharama za Nyungwe hazilingani na za gorila wa kaskazini, ambako kibali cha mgeni kimekuwa dola 1,500 za Marekani tangu mwaka 2017. Tena wananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni kutoka nje ya ukanda. Wengi hawajui haki hiyo, na wachache wanaoijua hawaitumii.

Bonde la nchi tatu

Barabara inayotoka Kamembe kwenda kusini hushuka kwa kasi hadi Bugarama. Baridi ya Nyungwe husahaulika mara moja. Bonde hili ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa nchini Rwanda, penye joto, mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo hukutana huku. Kiswahili ni lugha ya sokoni, na chakula cha mchana ni wali.

Hapa ndipo zilipo chemchemi za maji moto, ambazo wenyeji huziita amashyuza. Watu huja kuoga wakiamini kwamba maji hayo hutuliza maumivu ya viungo. Mgeni aulize kwanza wapi pana salama pa kuingia, kwa kuwa si kila sehemu ina joto sawa.

Mto Rusizi nao hupita kando ya bonde hilo. Umetoka Ziwa Kivu pale Cyangugu na utaishia Ziwa Tanganyika, safari ya takriban kilomita 117 ambayo ndani yake huteremka karibu mita 700. Mteremko huo ndio uliowavutia wahandisi. Kituo cha kwanza cha umeme kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili kilizinduliwa mwaka 1989 kikiwa mali ya nchi tatu kwa pamoja. Serikali zikigombana au zikipatana, maji hayo hayo huendelea kuwasha taa za pande zote.

Kiswahili cha mpakani

Kwa msafiri kutoka Dar es Salaam au Mombasa, jambo la kushangaza Kamembe ni wepesi wa kuzungumza. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kamembe na Bugarama hawakusubiri sheria. Biashara ya mpakani, Waislamu wa mjini na ujirani na Bukavu vilikuwa vimeshakileta zamani. Kiswahili chao kina ladha ya Kongo: utasikia "aksanti" badala ya "asante", na muuza samaki ataitwa "mama" hata na mtu anayemzidi umri.

Hilo lina faida kubwa kuliko kuombana maji ya kunywa. Mtalii asiye na lugha hupokewa na watu wachache waliofundishwa kumpokea. Mwenye lugha hupokewa na mtaa mzima. Anaweza kumuuliza dereva wa pikipiki bei ya sambaza wiki hii, au kumsikiliza mzee akieleza daraja lilivyokuwa zamani. Kwa maana hiyo, mwananchi wa Afrika Mashariki ana Rusizi ambayo Mzungu mwenye fedha mara mia hawezi kuinunua.

Utulivu uliotoka wapi?

Hapa ndipo msafiri anapaswa kutulia kidogo. Sehemu ya ukimya wa Rusizi ni zawadi ya milima na maji. Sehemu nyingine imetokana na milango kufungwa.

Mji huu huishi kwa kuvuka. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wa Kamembe walikuwa na kila sababu ya kutarajia daraja lililo wazi zaidi. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na njia ya Ruhwa inayotoka Bugarama kwenda Bujumbura ikapoa. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa msomaji wa mbali hizo ni habari za kimataifa. Kwa mwenye duka karibu na daraja ni hesabu ya jioni: wangapi wamevuka leo, na wangapi wamenunua.

Kwa hiyo kibaraza kilicho kitupu na ufuko usio na watu vinaweza kuwa raha ya mgeni na hasara ya mwenyeji kwa wakati mmoja. Hilo si sababu ya kutokwenda, kwani anayefika na kulala siku nne hujaza kidogo pengo hilo. Ila aende akijua, na asiwaambie wenye mji kwamba wana bahati ya kuishi mahali pasipo na pilikapilika.

Kuna pia kumbukumbu nzito zaidi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikusanywa katika uwanja wa mpira wa Kamarampaka mjini Kamembe, na wengi wakatolewa humo kwenda kuuawa. Maelfu waliponea katika kambi ya Nyarushishi, kwenye vilima vya wilaya hii. Kila mwaka kuanzia Aprili 7 Rwanda huingia katika wiki ya maombolezo, na shughuli za starehe husitishwa. Anayepanga likizo ya Aprili azingatie hilo. Akiwa njiani kupitia Nyamagabe anaweza pia kusimama katika kituo cha kumbukumbu cha Murambi, ambacho kiliingizwa katika orodha ya UNESCO mwezi ule ule Nyungwe ilipoingizwa.

Fedha ya mgeni huenda wapi?

Duniani kote sehemu tulivu zikisifiwa sana huacha kuwa tulivu. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ulianza Aprili 2024 kuwatoza wageni wa siku moja yuro 5, baada ya kuchoka na umati. Rusizi iko mbali sana na hali hiyo. Tatizo lake ni la upande wa pili: mgeni hupita njia bila kuacha kitu. Hulala katika hoteli ya gharama kwenye ukingo wa msitu, huona sokwe, hurudi Kigali, na Kamembe hukosa hata bei ya chai.

Serikali ya Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 5 mwaka 2005 na kikaongezwa mwaka 2017. Fedha hizo hujenga shule, zahanati na miradi ya maji. Lakini shilingi au faranga inayotoka mkononi mwa mgeni kwenda mkononi mwa muuzaji haihitaji mradi wala kamati. Anayelala mjini, akala mkahawa wa mtaani, akanunua chai ya Shagasha au mchele wa Bugarama wa kupeleka nyumbani, na akamlipa mwenye mtumbwi bei waliyopatana kabla ya kuondoka ufukoni, ameshachangia.

Ya kujua kabla ya safari

Tangu mwaka 2014 wananchi wa Kenya na Uganda wanaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Wa nchi nyingine wabebe pasipoti au hati ya kusafiria. Saa za Rwanda ziko nyuma ya za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia, hivyo Mtanzania, Mkenya na Mganda waangalie pande zote kabla ya kuvuka barabara. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na hukaguliwa mpakani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka hufungwa hadi kazi iishe.

Miezi ya Juni hadi mapema Septemba huwa mikavu na mizuri kwa kutembea msituni. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, ingawa vilima huwa vya kijani zaidi na vyumba ni rahisi kupata. Nyungwe kuna baridi na Bugarama kuna joto, kwa hiyo mfuko mmoja ubebe sweta na kandambili.

Mwenye hamu ya kuvuka kwenda Bukavu asifuate mazoea ya zamani. Hali ya mpaka na usalama hubadilika, na wa kuulizwa ni maofisa wa uhamiaji pamoja na ubalozi wa nchi yake. Hata asipovuka, atauona mji huo kila jioni kutoka upande wa pili wa maji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejengwa kwa mikataba, ushuru wa forodha na mikutano ya marais. Yote hayo yanahitajika. Lakini raia wengi wa nchi hizi hawajawahi kulala usiku mmoja katika nchi ya jirani kwa sababu tu wamependa kwenda. Aliyelala Kamembe, akala sambaza, akaelezwa maana ya Kamiranzovu na mtu wa huko kwa lugha wanayoielewa wote wawili, atakaposikia redioni kwamba daraja la Rusizi limefungwa au limefunguliwa, atajua ni akina nani wanaozungumziwa.